Taa ya Anayerudi: Historia ya Diwali

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, hufika usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Wavuvi wa mwambao wanaujua kwa bamvua lake: maji hujaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, kisha hukupwa mpaka mbali. Demani inaishia, kusi imelegea, kaskazi bado haijashika. Usiku huohuo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika miji na vijiji vya Gujarat, watu huinama kwenye vizingiti vya nyumba zao na kupanga taa za udongo. Huweka moja hapa na nyingine pale, mpaka ukuta, dirisha, ngazi na ukingo wa kisima vyote viwe na mstari wa moto mdogo.

Mstari huo ndio uliozaa jina la sikukuu. Kwa Kisanskriti, dipa ni taa na avali ni safu. Dipavali ni safu ya taa. Watu wa kaskazini na magharibi ya India walilifupisha likawa Diwali. Wale wa kusini wameliacha refu, Deepavali.

Taa yenyewe haina makuu. Mfinyanzi huweka bonge la udongo kwenye gurudumu, hulizungusha, hubonyeza kidole gumba katikati, kisha huuminya ukingo upande mmoja uwe mdomo wa kulazia utambi. Huikata kwa uzi na kuiweka juani, na mkono umeshaanza nyingine. Baada ya kuchomwa, taa huuzwa kwa mafungu sokoni. Mama anayezinunua hazitumii papo hapo. Huziloweka kwenye beseni la maji kwa saa kadhaa, kwa sababu udongo mpya una kiu, na usiponyweshwa maji utakunywa mafuta. Jioni huzitoa, huzipangusa, husokota pamba kwenye kiganja, humimina samli au mafuta ya mbegu, huwasha. Udongo, pamba, mafuta na moto: maskini anavimudu, na msafiri atavipata hata ugenini. Sehemu kubwa ya historia ya Diwali imo katika wepesi huo.

Husemwa, na ni kweli, kwamba Diwali ni ushindi wa mwanga juu ya giza na wa wema juu ya uovu. Lakini ukizisikiliza hadithi zake kwa makini, utaona kwamba karibu kila moja ina mtu aliye njiani. Kuna anayerudi kutoka uhamishoni, kuna anayetoka kifungoni, kuna mgeni anayetafuta nyumba ya kuingia. Taa ya Diwali huwekwa mlangoni kwa ajili yake, usiku ambao mbingu haikumpa mwanga wowote.

Walio njiani

Anayejulikana zaidi ni Rama, mwanamfalme wa Ayodhya. Baba yake, Mfalme Dasharatha, alikuwa amempa mkewe Kaikeyi ahadi asiyoweza kuivunja, naye Kaikeyi akaja kuidai wakati Rama anakaribia kutawazwa. Alitaka mwanawe atawale na Rama aende msituni miaka 14. Rama hakubishana. Alitoka na mkewe Sita na nduguye Lakshmana. Huko msituni Sita alitekwa na Ravana, mfalme wa Lanka, na vita vya kumkomboa ndivyo vilivyoijaza simulizi ya Ramayana. Ravana alipouawa na miaka 14 ilipotimia, watatu hao walirudi nyumbani. Mapokeo ya kaskazini ya India yanasema watu wa Ayodhya waliwasha taa njia nzima, ili mfalme wao asijikwae katika usiku usio na mwezi.

Kusini na magharibi husimuliwa habari za Bali, mfalme wa majini, aliyetawala mbingu na ardhi na aliyesifika kwa ukarimu. Mungu Vishnu alimjia kwa umbo la mbilikimo akaomba ardhi ya hatua tatu tu. Bali akakubali. Mbilikimo akakua: hatua ya kwanza ikafunika dunia, ya pili ikafunika mbingu, na ya tatu haikuwa na pa kukanyaga. Bali akainamisha kichwa chake kikanyagwe. Alishushwa kuzimu, lakini kwa kuwa hakuvunja neno lake, alipewa ruhusa ya kurudi kwa watu wake siku moja kila mwaka. Siku inayofuata usiku wa Diwali bado inaitwa kwa jina lake, Bali Pratipada, ingawa watu wa Kerala humkumbuka mfalme huyo mapema zaidi, katika sikukuu ya Onam.

Wengine husimulia jinsi mungu Krishna alivyomuua dhalimu Narakasura na kuwafungua wanawake 16,000 aliokuwa amewafungia. Kwa ajili hiyo watu wa kusini huamka kabla ya alfajiri, hujipaka mafuta ya ufuta mwili mzima na kuoga. Wabengali, usiku wa Diwali, humwabudu mungu wa kike Kali. Na karibu kila mahali kaskazini na magharibi anangojwa Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, aliyezuka miungu ilipoisukasuka bahari ya maziwa. Inaaminika kwamba usiku wa Diwali hupita akichungulia nyumba. Iliyo chafu au yenye giza huipita. Ndiyo maana kuta hupakwa chokaa, vyombo husuguliwa, na sakafuni huchorwa kwa unga nyayo ndogo za miguu. Ukiziangalia nyayo hizo utaona vidole vyote vimeelekea ndani. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika usiku huu Wahindu huliishi neno hilo hasa.

Wafu nao hawakusahaulika. Katika mwezi wa Kartik, kwenye kingo za mto Ganga mjini Varanasi, taa huwekwa ndani ya vikapu na kuvutwa juu ya nguzo ndefu za mianzi. Ni taa za anga, za kuwamulikia njia wazee waliotangulia.

Lakini ipo hadithi moja inayokwenda kinyume na hizi zote. Wafuasi wa dini ya Kijaini wanaamini kwamba mwalimu wao mkuu, Mahavira, aliiaga dunia huko Pavapuri, katika Bihar ya leo, usiku wa giza la mwezi huohuo, mwaka 527 kabla ya Kristo. Kwao hicho hakikuwa kifo cha kawaida. Ilikuwa nirvana, yaani kutoka kabisa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mahavira hatarudi. Maandiko yao yanasimulia kwamba wafalme waliokuwapo waliamua kuwasha taa, kwa kuwa mwanga wa maarifa ulikuwa umeondoka. Tuliweke moyoni jambo hili: tangu zamani, taa ya Diwali imewashwa kwa anayerudi, na imewashwa pia kwa asiyerudi.

Walioiona wakaiandika

Hakuna anayeweza kuutaja mwaka Diwali ilipoanza. Inaelekea ilikua kutokana na sherehe za mavuno za mwisho wa mvua, ghala zinapojaa na njia zinapokauka. Kilicho wazi ni kwamba katika karne ya 7 ilikuwa imeshakomaa. Mfalme Harsha, aliyetawala kaskazini ya India kuanzia mwaka 606 hadi 647 na aliyekuwa pia mtunzi wa tamthilia, anaitaja sikukuu ya taa katika Nagananda, ambamo maharusi hupewa zawadi. Yapata miaka 300 baadaye, mshairi na mhakiki Rajashekhara aliandika kuhusu nyumba zinazopakwa chokaa na taa za mafuta zinazopamba usiku.

Shahidi anayenigusa zaidi alikuwa mgeni. Abu Rayhan al-Biruni, Mwislamu kutoka Khwarazm, alikuwa mwanachuoni wa nyota na hesabu aliyechukuliwa Ghazni na Sultani Mahmud. Sultani aliingia India kwa upanga. Al-Biruni aliingia kwa kujifunza Kisanskriti na kukaa na wanazuoni wa Kihindu, na kufikia mwaka 1030 hivi alikuwa amekamilisha kitabu kikubwa kuhusu nchi hiyo. Humo anaeleza siku aliyoisikia ikiitwa Dibali. Watu huoga, anasema, huvaa nguo za sikukuu, hupeana zawadi za tambuu na popoo, huenda mahekaluni kutoa sadaka, na usiku huwasha taa nyingi kila mahali. Akataja na sababu aliyoelezwa: Lakshmi humfungua Bali kifungoni siku hiyo moja ya mwaka. Al-Biruni hakuwa wa dini hiyo, wala hakujifanya kuwa wa dini hiyo. Alichofanya ni kuuliza, kusikiliza na kuandika alichoambiwa. Karibu miaka 1,000 imepita, na mtu wa Lamu au Unguja akisoma maelezo yake ya tambuu na popoo ataona ni kama mtu anayeeleza ukumbi wa harusi ya kwao.

Wafalme Waislamu wa Dola ya Mughal waliikuta sikukuu hii imeshika mizizi, na baadhi yao waliifurahia. Jahangir ameandika katika kumbukumbu zake kwamba usiku wa Diwali aliwaruhusu watumishi wake wacheze kamari mbele yake, mchezo ambao ni sehemu ya sikukuu hadi leo. Jahangir huyohuyo alimfunga katika ngome ya Gwalior Guru Hargobind, kiongozi wa sita wa dini ya Sikh. Kwa mapokeo ya Masingasinga, amri ya kumwachia ilipotoka, Guru alikataa kuondoka na kuwaacha nyuma watawala 52 waliokuwa wamefungwa pamoja naye. Mfalme akasema watoke wale tu watakaoweza kushika vazi lake. Guru akashonewa joho lenye pindo 52, na kila mfungwa akashika lake. Alipofika Amritsar, inasimuliwa kuwa ilikuwa Diwali ya mwaka 1619, na mji ulimpokea kwa taa. Masingasinga huiita siku hiyo Bandi Chhor, siku ya kufunguliwa wafungwa, na Hekalu la Dhahabu huwaka taa usiku huo kila mwaka.

Siku tano

Wahindu huhesabu miezi kwa mwandamo, kama Waislamu, lakini Diwali haizunguki mwaka mzima kama Idi. Mwaka wa mwezi huwa mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Kalenda ya Kihindu huziba pengo hilo kwa kuongeza mwezi wa ziada takriban kila miaka mitatu. Kwa hiyo sikukuu husogea mbele na nyuma, ila haitoki katika majira yake, mvua zikiwa zimeisha na mavuno yamo ndani.

Katika Gujarat sherehe huchukua siku tano. Siku ya kwanza, Dhanteras, hununuliwa kitu cha madini. Mwenye uwezo hununua dhahabu au fedha. Asiye nao hununua sufuria. Siku ya pili, Kali Chaudas, ni ya kufukuza mabaya. Akina mama hukaanga vitafunio vya dengu, huvipeleka njia panda, huvizungushia duara la maji na kuondoka, na ugomvi wa nyumbani wa mwaka mzima unabaki pale. Siku ya tatu ndiyo usiku wa giza la mwezi, Diwali yenyewe. Siku ya nne, Bestu Varas, ni Mwaka Mpya wa Wagujarati, unaohesabiwa kwa tarehe ya Vikram iliyoanza mwaka 57 kabla ya Kristo. Ya tano, Bhai Beej, kaka huenda kula kwa dada yake, kwa kumbukumbu ya Yama, mungu wa mauti, aliyemtembelea dada yake Yamuna. Hata mauti, katika sikukuu hii, hupiga hodi mlangoni kama ndugu.

Kwa mfanyabiashara, kilele cha yote ni jioni ya siku ya tatu, dukani. Hapo hufanyika Chopda Pujan, ibada ya madaftari. Kwa desturi, daftari la hesabu la Kigujarati ni refu na jembamba, lenye jalada la kitambaa chekundu. Mwaka mzima lilikaa mapajani mwa mwenye duka, ambaye aliketi sakafuni amekunja miguu. Usiku huu, la zamani hufungwa. Jipya, ambalo halijaguswa na kalamu, hufunguliwa ukurasa wa kwanza na kuwekwa mbele ya sanamu za Lakshmi na za mungu Ganesha. Kuhani husoma. Mwenye duka huchovya kidole cha pete katika rangi nyekundu na kuchora alama ya heri. Kisha huandika neno Shri, jina la heshima la Lakshmi, mara moja juu, mara mbili chini yake, mara tatu chini zaidi, mpaka maneno yasimame kama piramidi. Huandika Shubh, yaani heri, na Labh, yaani faida. Juu ya ukurasa huweka jani la tambuu, popoo na sarafu. Wanawe husimama nyuma yake kimya. Siku hizi pembeni ya daftari utakuta pia kompyuta yenye alama nyekundu kwenye kifuniko.

Kiswahili kina methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Sijapata kuona watu walioichukua maana hiyo mbali kuliko hawa, mpaka daftari likapewa taa na maua. Si kwamba wanaiabudu karatasi. Wanachokiri ni kwamba hesabu ni jambo la mbele ya Mungu: ulichouza, ulichokopa, unachodaiwa. Desturi inataka madeni yawe yamepatanishwa kabla ya ukurasa mpya. Maduka hukaa yamefungwa, na wengi hungoja mpaka siku ya tano ya mwaka mpya, Labh Pancham, ndipo biashara ianze tena.

Baada ya taa, tanga

Kwa watu wa Kutch na pwani nyingine ya Gujarat, Diwali ilikuwa pia mpaka wa safari. Majira ya mvua yaliifunga bahari, na majahazi yalivutwa pwani. Mwezi mpevu wa Agosti, nazi zilitupwa majini kuituliza bahari. Kisha, taa za Diwali zikishazimika, kaskazi ilianza kushika, na majahazi ya Mandvi, Mundra na Porbandar yakatweka kuelekea Maskati, Mombasa na Unguja. Waliosafiri walirudi kwa kusi ya mwaka uliofuata. Mwenye bahati na upepo alifika kwao kabla ya Diwali nyingine. Asiyefika, mkewe aliwasha taa akiitazama bahari.

Kwa namna hiyo walikuja kwetu watu tuliowaita Mabanyani, kutokana na vaniya, jina la Kigujarati la mfanyabiashara. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 walikuta merikebu za Wahindi zimeshatia nanga. Katika karne ya 19, Sultani Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, ushuru wa forodha ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa ukoo wa Bhatia kutoka Kutch, na msimamizi wake Ladha Damji alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote kisiwani. Pamoja na vitambaa na mitungi zilishuka pia hesabu na maneno. Pesa, laki, hundi na bima ni maneno yaliyovuka bahari kutoka huko.

Historia lazima isemwe yote. Katika madaftari yaliyofunguliwa kwa neno Labh mlikuwamo karafuu na pembe za ndovu, na pia mlikuwamo ushuru wa watumwa na mikopo ya misafara iliyowaleta. Jamaa za watumwa hao nao walikuwa na mtu waliyemngoja na hakurudi, na hakuna aliyewawashia taa. Wenyeji walimwona Banyani kwa macho mawili, wakaacha methali inayoumia na kukiri kwa pamoja: Banyani mbaya, kiatu chake dawa.

Kwa miongo mingi Wahindu waliofika Unguja walikuwa wanaume peke yao. Dini yao ilihofia kuvusha wake na watoto maji makuu. Sikukuu ambayo kwao ni ya nyumba nzima, hapa iliadhimishwa na wanaume watupu juu ya maduka yao, wakiwasha taa katika madirisha ya nyumba zisizo na mama wala dada. Wake walipoanza kuja, mwishoni mwa karne, ndipo Diwali ya Afrika Mashariki ilipopata jiko.

Kundi jingine lilikuja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga njia ya reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Walikuwamo Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mkataba ulipoisha, na wasiofika 7,000 walibaki. Nairobi ilizaliwa njiani mwa reli hiyo, na Kampala, Kisumu na Dar es Salaam zikapata mitaa ambayo mara moja kwa mwaka ilinukia samli.

Wasioweza kurudi

Tarehe 12 Novemba 1947 ilikuwa Diwali ya kwanza ya India huru, na haikuwa ya furaha. Miezi mitatu kabla, nchi ilikatwa vipande viwili, India na Pakistani, na mamilioni ya watu walivuka mipaka mipya wakikimbia mauaji. Katika kambi ya Kurukshetra, kaskazini ya Delhi, walikusanyika wakimbizi zaidi ya 200,000. Wengi walikuwa Wahindu na Masingasinga walioacha nyumba ambazo hawangeziona tena. Siku hiyo Mahatma Gandhi, mwana wa Porbandar, alikwenda katika studio za redio mjini Delhi kuzungumza nao, kwa kuwa hakuweza kufika kambini mwenyewe. Ndiyo mara pekee aliyoingia katika jengo lile la utangazaji. Ilikuwa pia Diwali yake ya mwisho, kwani aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Sauti ya mzee mmoja ikapita hewani ikiwatafuta watu wasio na mlango wa kuweka taa.

Miaka 25 baadaye ikawa zamu ya Uganda. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Mwisho ulikuwa tarehe 8 Novemba. Diwali ya mwaka huo iliangukia Jumapili, tarehe 5 Novemba, siku tatu tu kabla ya mlango kufungwa. Familia nyingi zilikuwa zimeshapita Entebbe na mizigo michache. Madaftari ya mwaka wa zamani yalifungwa, na hapakuwa na jipya la kufungua.

Takriban watu 28,000 kati yao walipokewa Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwezi Septemba, ikiwasihi wasije kwao kwa kuwa nyumba, shule na huduma zilikuwa zimejaa. Walikuja. Wakafungua maduka kando ya barabara ya Belgrave, sehemu iliyokuwa imedorora, wakauza sari, dhahabu, vitafunio na halua. Mwaka 1983 jiji hilohilo liliwasha taa za Diwali juu ya barabara hiyo. Leo sherehe zake huhesabiwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa nje ya India, na makumi ya maelfu ya watu hufurika Belgrave usiku wa kuwashwa taa.

Mwaka 2022, siku ya Diwali, tarehe 24 Oktoba, Rishi Sunak alichaguliwa kukiongoza chama kilichokuwa kikiitawala Uingereza, na kesho yake akawa Waziri Mkuu. Baba yake alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Uganda nayo ilikuja kuwafungulia mlango waliofukuzwa, na baada ya 1986 baadhi yao walirudi na kurejeshewa mali zao. Diwali huwashwa tena Kampala.

Mjini Ayodhya kwenyewe, tangu mwaka 2017, serikali ya jimbo huandaa taa kando ya mto Sarayu, na mwaka 2024 ziliwaka zaidi ya 2,500,000 kwa pamoja. Delhi nayo huamkia moshi mzito wa fataki, na mahakama ya juu kabisa ya India imelazimika kuingilia kati mara kwa mara kuzizuia. Nazitazama taa hizo milioni na kelele hizo kwa heshima, lakini moyo wangu unarudi kwenye ile taa moja ya kizingitini, isiyo na kelele wala moshi wa kumdhuru jirani.

Katika nyumba za Leicester, wazee waliozaliwa Jinja, Kisumu na Unguja wanaandaa sikukuu kwa Kigujarati chenye chumvi ya kwetu. Muhogo wanauita mogo, na umo kwenye orodha za vyakula vya migahawa yao. Karanga ni jugu. Na chombo kile kinachonunuliwa Dhanteras, wanachokorogea halua ya usiku wa taa, wengi wao bado hawana jina jingine la kukiita isipokuwa sufuria. Sisi tulipokea kwao pesa na hundi. Wao walipofukuzwa hawakuruhusiwa kubeba pesa wala hundi za maana, lakini sufuria walikwenda nayo mdomoni.

Taa ya udongo haifiki asubuhi. Saa chache, mafuta yanakauka, utambi unajikunja, na kizingiti kinabaki na alama nyeusi ya duara. Alfajiri ya Bestu Varas, katika mitaa ya Gujarat, hupita wauza chumvi wakinadi, na kila nyumba hununua kiasi kidogo kama kitu cha kwanza cha mwaka. Majirani hufungua milango na kutakiana heri: Saal Mubarak. Mubarak ni neno la Kiarabu kinywani mwa Mhindu, lilelile tunalopeana sisi siku ya Idi. Aliyengojwa usiku kucha huenda amefika, huenda hakufika. Chumvi inanunuliwa, chai inawekwa jikoni, na ile taa iliyozimika inaokotwa kizingitini na kuoshwa.